Dago la Chombo Kikubwa

Kosa linalowaangusha manahodha wengi wapya ni kuchagua dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali, kwa macho ya chombo walichokuwa nacho mwanzo. Mtu amekulia kwenye ngalawa, anazijua fukwe zote anazoweza kufika kwa tanga na kasia, kisha Mungu anamjaalia anakabidhiwa mashua kubwa ya mashine. Chombo kimebadilika, macho hayajabadilika. Anaendelea kuingia palepale alipozoea kuingia, na kwa muda bahari humvumilia.

Wingwi iko Wilaya ya Micheweni, kaskazini mashariki ya Pemba, na kwenda dago ni sehemu ya maisha ya pwani hiyo, kama ilivyo kwa jirani zao wa Kojani. Wavuvi huhama na vyombo vyao, wakapiga kambi kwenye kisiwa au ufuko wa mbali kwa siku kadhaa au kwa mwezi mzima. Hulala huko, hupika huko, hukausha samaki huko. Wanaovua dagaa kwa taa hurudi nyumbani mbaamwezi inapowaka, kwa sababu usiku wa mwanga taa zao hazina kazi. Wapo waliovuka mpaka Tanga, Vanga na Shimoni, na kaskazini zaidi ya hapo. Baadhi ya madago ya zamani ya pwani ya Kenya yaligeuka vijiji, watu wakaoa na kuolewa, na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba wa huko kuwa moja ya jamii za nchi hiyo. Dago lililochaguliwa vizuri, na kwa adabu, huweza kuzaa wajukuu. Lililochaguliwa vibaya huweza kuumaliza mtaji wa familia katika nusu mwezi.

Nina kisa cha nahodha mmoja wa Wingwi; simtaji jina, wala kisiwa alichofikia. Ni nahodha wa mfano, lakini hakuna lililomkuta ambalo halijawahi kumkuta mvuvi fulani wa pwani yetu, na wazee wakikisikia wataongeza yao.

Alikuwa kijana hodari. Alivua kwa ngalawa tangu hajaota ndevu, na kwa ngalawa aliwahi kulala karibu kila penye mchanga. Ngalawa ni chombo cha huruma: watu wanne wakiishika wanaipandisha mpaka chini ya mivinje, na asubuhi wanaishua bila kuangalia mwezi umefika wapi. Tajiri mmoja akamwona anafaa, akampa mashua ya urefu wa mita 11, yenye mashine, wavu wa kuzingira, jenereta na taa. Mabaharia walikuwa 22. Safari ya kwanza ya dago ikapangwa mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa inaelekea kumalizika. Mafuta na barafu vilichukuliwa kwa deni, kama kawaida.

Waliondoka Wingwi, wakaizunguka Ras Kigomasha, wakashuka upande wa magharibi, ambako visiwa vidogo viko vingi na maji ya Mkondo wa Pemba yanakwenda chini mamia ya mita. Nahodha alikuwa na ufuko wake moyoni. Aliwahi kulala hapo na ngalawa: mchanga mweupe, kivuli cha mivinje, umekingwa kabisa na upepo wa kaskazi kwa sababu unatazama kusini. Walifika saa 10 alasiri, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na mizizi ya miti, yametulia, na chini yake kulionekana mchanga mtupu. Mashua ikaingia taratibu mpaka watu wakaruka na kufika nchi kavu maji yakiwa kiunoni. Mabaharia wakafurahi. Sufuria, madumu, magunia ya mchele, maturubali, vyote vilishushwa kwa nusu saa.

Pembeni, bibi mmoja wa kisiwani alikuwa anaanika pweza kwenye kamba. Nahodha alimwendea, kwa sababu alikuwa na adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka wapi?"

"Wingwi. Tumekuja dago."

"Karibuni. Lakini chombo hicho usikilaze hapo. Hapo mie napita kwa miguu asubuhi."

"Tutakiangalia, bibi, inshaallah."

Akarudi kwa wenzake. Katika maneno yale machache bibi alikuwa amempa kila alichohitaji kukijua, na yeye aliyapokea kama salamu. Hili linaniuma kila ninapokifikiria kisa hiki, maana linatokea katika bandari zetu kila msimu. Mvuvi wa mashua huijua bahari kutoka juu. Mwanamke anayechokoa pweza huijua kutoka chini: maji yakipwa, yeye huingia na kijiti chake, akaikanyaga sakafu ya bahari hatua kwa hatua, jiwe kwa jiwe. Anajua wapi mchanga ni mnene na wapi ni tandiko jembamba juu ya mwamba. Anajua kila tumbawe lililosimama, kwa sababu ndani yake mna chakula chake. Ukitaka kujua chombo kitalalia nini, yeye ndiye wa kuulizwa kabla ya mtu mwingine yeyote kisiwani. Na wala hakuhitaji kuulizwa, alisema mwenyewe.

Usiku ule maji yakaanza kushuka kwa kasi ya bamvua. Kwenye pwani za Pemba bamvua kubwa hupandisha na kushusha maji karibu mita 4, kila kupanda au kushuka ndani ya saa 6 hivi. Saa 4 usiku mashua ilikuwa nchi kavu kabisa. Mkuku ulikaa, chombo kikaanza kuinama. Hawakuwa na miti ya gadi ya kukishikilia ubavuni, kwa sababu ngalawa haihitaji gadi, na nahodha hakuwahi kuizoea. Mashua ikalala kwa uzito wake wote, na mashine ndani, juu ya tumbawe lililokuwa limefunikwa na mchanga wa kina cha kiganja. Wote walisikia mbao zikilia.

Maji yaliporudi alfajiri yaliingia kwenye ngama kabla ya kukiinua chombo. Wakayakumba mpaka mikono ikafa ganzi. Mashua ikasimama, ikatikisika, lakini haikuelea. Nahodha akasema jioni.

Hapo ndipo mwezi unapoanza kumsomesha mtu. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Katikati yake maji hupungua nguvu kila siku: yanapojaa hayafiki yalipofika jana, na yanapopwa hayaendi mbali kama jana, mpaka yanafika maji mafu. Aliyeingia kwenye kilele cha bamvua ameingia kwa mlango ambao unafungwa nyuma yake. Kila siku inayofuata saa ya kujaa inachelewa kwa karibu dakika 50 na maji yanakuwa mafupi zaidi. Chombo kilichopwelewa siku hiyo, kama hakikutoka kwenye maji mawili au matatu ya mwanzo, kitasubiri nusu mwezi. Walipakia nanga kwenye mtumbwi wakaipeleka kilindini, wakavuta amari watu wote 22 wakiimba. Wakashusha jenereta, nyavu, barafu. Wakakata magogo ya kuteleza. Mashua ilisogea urefu wa mkono mmoja, ikakaa. Siku ya nne maji ya kujaa hayakuufikia hata usukani.

Na hasara haikuwa ya chombo peke yake. Zile siku zinazofuata mwezi kuandama ndizo siku za giza, na giza ndilo soko la mvuvi wa dagaa. Kila usiku walikaa ufukweni wakizitazama taa za vyombo vingine zikimeta mbali, na barafu yao inayeyuka kwenye mchanga. Bamvua ya kuwakomboa ingekuja na mwezi mpevu, yaani wakati ambao hata wakielea hawana cha kuvua kwa taa. Nahodha aliyechagua dago vibaya kwa mara moja alipoteza giza zima.

Kisha maji ya kunywa. Ufuko ule haukuwa na kisima, na kwa ngalawa ya watu wanne halikuwa jambo: madumu mawili yalitosha. Watu 22, kila mmoja akihitaji angalau lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, ni lita 110, yaani madumu 6 ya lita 20 kila siku, bila kuoga wala kusuuza nyavu. Kisima cha kijiji kilikuwa upande wa pili wa kisiwa, na siku ya tano wenyeji walianza kulalamika kuwa wageni wanakikausha. Choo hawakuchimba, maana walijiambia wanakaa siku chache. Watu wengi mahali padogo bila choo, karibu na kisima cha watu wengine, ni njia ya kipindupindu, na Zanzibar inajua gharama yake. Mzee mmoja wa kamati ya wavuvi alikuja kuwauliza kama wana kibali na kama walipita kwa sheha. Hawakupita. Nahodha alijitetea kuwa zamani akilala hapo hakuna aliyemuuliza. Mzee akamjibu kwa upole kwamba zamani alikuja na ngalawa.

Nadhani jibu lile linastahili kuandikwa kwenye mlango wa kila banda la wavuvi. Chombo kidogo hupita katikati ya watu bila kuwabana. Chombo kikubwa kinakula maji ya watu, kuni za watu, samaki wa watu, na nafasi ya kuteremkia ya watu. Kwa hiyo ruhusa inayotosha kwa kidogo haitoshi kwa kikubwa. Tena upande wa magharibi wa Pemba siku hizi si bahari isiyo na mwenyewe. Kisiwa cha Misali kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 likatangazwa Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, PECCA, linalochukua bahari ya upande huo. Zipo sehemu za kuvua na zipo za kuacha, ziko fukwe ambazo kasa wanapanda kutaga. Nahodha asiyeuliza anaweza kupiga kambi juu ya mayai ya kasa kwa nia safi kabisa.

Katikati ya yote haya kaskazi ilikatika. Mwezi wa Machi ulikuwa umekwisha, na upepo ukaanza kupapasa kutoka kusini. Ufuko ule uliokuwa umekingwa sasa ulitazama upepo uso kwa uso. Kusi yenyewe ilikuwa haijasimama, lakini vijiwimbi vya usiku vilitosha kuinyanyua mashua kidogo na kuishusha juu ya lile tumbawe, inyanyue, iishushe, mpaka alfajiri. Kalafati ikatoka kwenye mbao tatu.

Mwezi ukapevuka. Mabaharia wakajiandaa kwa bamvua ya pili kama watu wanaosubiri Idi. Saa 10 jioni maji yakaja, yakapanda, yakaikuta mashua, yakaizunguka, na yakasimama chini ya pale yalipofika siku ile ya kwanza. Bamvua mbili zinazofuatana hazilingani. Za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote za mwaka, na yeye alikuwa ameingia na kubwa kuliko zote. Angoje ipi nyingine ya kumtoa?

Usiku ule nahodha alikwenda kwa yule mzee wa kamati, na mzee akampeleka kwa bibi wa pweza. Asubuhi maji yalipopwa, bibi alitembea mbele na kijiti chake, akaonyesha mahali palipokuwa na mchanga mnene kati ya miamba miwili, njia iliyopinda kidogo kuelekea kilindini. Mabaharia na vijana wa kisiwani wakachimba mfereji kuifuata njia hiyo, kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Wakakizungushia chombo mapipa matupu, wakayafunga chini ya mbavu. Maji ya jioni hayakutosha. Maji ya alfajiri ya siku ya pili, walipokwisha kuongeza mfereji kwa kina cha goti, mashua ilielea. Watu watatu walikuwa ndani wakikumba maji bila kupumzika, na mtumbwi mbele ukiongoza.

Walirudi Wingwi bila samaki. Fundi alibadilisha mbao na kuzipiga kalafati upya, deni la mafuta likabaki palepale, mgawo haukuwapo, na mabaharia tisa wakahamia chombo kingine. Tajiri hakumfukuza nahodha, ambalo lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa somo lililolipiwa ghali namna ile halifai kupelekwa kwa tajiri mwingine.

Sasa, wanaojua kazi hii huchaguaje? Kwanza wanaanza na chombo chao kabla ya kuufikiria ufuko. Urefu wake, uzito wake kikiwa kimejaa, mkuku unazama kiasi gani, watu wangapi. Hata nchi kavu ni hivyo hivyo: huko Marekani wako watu wanaosafiri na magari ambayo ni nyumba kamili, yenye vitanda, jiko na choo, mengine yakifika mita 12. Wakitaka kulala kwenye hifadhi za majimbo, nafasi nyingi zimeandikiwa urefu wa gari linaloweza kuingia, na mtu huchukua nafasi yake mapema kwa kufuata kipimo hicho. Anayedanganya kipimo anajikuta kwenye kona ambayo gari haligeuki, miti kushoto na kulia. Huko kimeandikwa, kwetu kipimo kimo vichwani mwa wazee na kina mama, na mtu lazima akifuate kwa miguu.

Pili, na hapa ndipo ningetaka kila nahodha kijana atulie, chombo kikubwa hulala majini na watu hulala nchi kavu. Kitie nanga penye maji ambayo hata wakati wa kupwa kwa bamvua hayakigusishi chini, na penye nafasi ya kuzunguka nanga yake pande zote upepo ukigeuka. Kamba ya kupimia kina inatosha kukuambia, lakini lazima ujumlishe na kutoa: kama unapima maji yakiwa yamejaa bamvua, toa mita 4 ndipo uone kilichobaki. Watu wateremke kwa mtumbwi. Ndiyo, ni usumbufu, mzigo unabebwa mara mbili, na jioni ya kwanza mabaharia watanung'unika. Wacha wanung'unike.

Tatu, dago lionwe likiwa uchi. Ufuko unaoonekana maji yamejaa umevaa nguo zake nzuri. Subiri kupwa, tembea, chomeka kijiti kila hatua chache usikie kama kinagonga mwamba. Angalia mstari wa mwani mkavu na mbegu za mikoko juu ya mchanga: hapo ndipo bamvua kubwa ya karibuni ilipofika, na turubali lolote lililofungwa chini ya mstari huo litaloa. Angalia pia ufuko unatazama upepo gani, na ujiulize upepo ujao, kwa kuwa aliyefika mwisho wa msimu anaweza kuondokea katika msimu mwingine. Na kama huna njia ya kutoka wakati wa maji mafu, basi huna njia ya kutoka.

Hayo ya kibali, kisima na choo hayahitaji maelezo marefu. Anayepita kwa sheha na kamati kabla ya kushusha sufuria huonyeshwa kisima na huonyeshwa bandari yenyewe, bure.

Lakini sitaki mzigo wote umwangukie nahodha. Vyombo vya Wingwi, Tumbe na Kojani vinazidi kukua, na madago yanayoweza kupokea mashua ya mita 11 hayazidi. Fukwe nyingine zimekwenda kwa mahoteli, nyingine zimefungwa kwa sababu nzuri za uhifadhi, nyingine zimeliwa na bahari. Tukiendelea kuacha elimu hii ipokewe kwa bahati, vyombo vikubwa vitazidi kurundikana penye mchanga mzuri na kilindi kibaya. Kamati za wavuvi za shehia zina uwezo wa kuandika, kwa kila dago lililo katika eneo lake, ni vyombo vya ukubwa gani vinaweza kulala, nanga itiwe wapi, upepo gani unapafaa, kisima kinabeba watu wangapi, na nani aulizwe. Kibao cha mbao penye njia ya kupandia kinatosha, na nakala moja kwa sheha wa kila kijiji kinachotoa vyombo vya dago. Kupima kwenyewe ni kazi ya kupwa mbili tatu za bamvua, kwa kamba yenye mafundo na daftari, na wa kutangulia mbele wawe kina mama wanaokwenda pweza, tena walipwe siku yao kama anavyolipwa fundi.